Gunia Begani mwa Mejumaa

Baraza la Chonga halikuwa la Chonga. Lilikuwa la duka la vitambaa pale Kibokoni, lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Dubai. Chonga aliliazima tu, akaweka seredani yake pembeni, dele la kahawa juu ya makaa, na ndoo ya kusuuzia vikombe chini ya miguu. Ikifika saa kumi alasiri, jua la Machi huwa limeshavuka paa na upande ule hupata kivuli. Basi waliotoka msikitini hukaa, waliotoka kazini hukaa, na wasio na kazi huwa wameshakaa zamani. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, mwaka wa tisini na tano, na joto la kaskazi lilikuwa bado halijataka kuondoka. Ngowa alikuja kachelewa. Alishika ukuta, akajishusha kwa awamu mbili kama ilivyo desturi ya mgongo wake, pasi na salamu.

– Salamu umeziangusha wapi leo? aliuliza Gunga.

– Nisameheni. Salaam aleikum.

– Waaleikum salaam. Chonga, mpe kahawa huyu kabla hajatuzimikia hapa.

Huyo Gunga wote walimwita Refa. Ujanani aliwahi kupuliza filimbi kwenye mchezo mmoja uwanja wa Tononoka, mchezo ambao haukumalizika, na mpaka leo hajasema kwa nini. Kando yake alikaa Chirau, anayeitwa Daktari. Alifagia duka la dawa miaka kumi na mmoja, na majina ya dawa ayajua kwa rangi ya maboksi. Ngowa mwenyewe walimwita Winchi. Miaka ishirini na sita bandarini, ya mwanzo akibeba magunia kwa mgongo, na hii ya mwisho, baada ya mgongo kukataa, akisimama chini ya winchi kuipigia mikono ishuke au ipande.

Ngowa alipokea kikombe, asinywe.

– Ni mwanangu, alisema.

– Mejumaa? Yu mgonjwa?

– Si mgonjwa. Leo siku ya tatu hasemi nami. Nikiingia, atoka. Nikimwita yuaja, asimama, "labeka Baba", basi. Hapana la zaidi.

– Umemfanyani?

– Nimemtoa kwenye mpira.

Refa aliweka kikombe chini. Habari za Mejumaa zilijulikana pale. Msichana wa miaka kumi na mitano, mrefu kama babake, mchezaji wa mpira wa mikono katika timu ya wasichana ya Tononoka. Akirusha mpira, golikipa husikia upepo kwanza. Ila kutoka mahali alipo, ndiyo kazi. Mwaka uliopita Refa alikwenda kumtazama akarudi na maneno haya: mkono wa mzinga, miguu ya jongoo. Ngowa alicheka siku ile, lakini lilimuuma.

– Na Pasaka waenda Malindi kwenye mashindano, alisema Refa. Sasa umtoe kwa lipi?

– Kwa nililoliona Jumamosi.

Akawaeleza. Jumamosi alitoka zamu mapema, akapita Tononoka kununua muhogo. Kwenye uwanja aliona wasichana kumi na mmoja wamepanga mstari, na kila mmoja ana gunia begani. Mwalimu wao, Awiti, apuliza filimbi, wao wainama. Apuliza tena, wainuka. Wainama, wainuka. Wa tatu kutoka mwisho ni Mejumaa, shingo imeingia chini ya gunia la sukari lenye zile herufi nyekundu, jasho lamtiririka.

– Mie nilisimama pale nje nikashika ule waya wa seng'enge, alisema Ngowa. Walahi sikuona mpira. Niliona gati. Niliona genge la vibarua saa kumi na mbili asubuhi. Nikaita, "Mejumaa! Weka hilo gunia chini, twende nyumbani." Akaweka. Akaja. Wenzake wote wamtazama. Mwalimu akaja mbio nyuma yetu, sikumngoja.

– Ulifanya vyema, alisema Daktari.

– Wadhani?

– Sidhani, najua. Mfupa wa mtoto una mlango hapa mwisho. Ukiubebesha uzito, mlango wajifunga. Ukishajifunga, harefuki tena hata umvute.

– Umeyasoma wapi hayo? aliuliza Refa.

– Kwenye boksi.

– Boksi la nini?

– La dawa. Yale maandishi madogo, pembeni.

– Ikiwa ni hivyo, watu wa bandari wote wangekuwa wafupi. Mtazame Winchi.

Wote walimtazama Ngowa, ambaye miguu yake ilifika katikati ya uchochoro hata mwenye baiskeli ikambidi azunguke.

– Huyu angekuwa mrefu zaidi, alisema Daktari pasi na haya. Angekuwa yuagonga waya za stima.

Chonga alicheka, akazungusha dele apashe upande wa pili. Ngowa hakucheka. Alikunywa kahawa yake mara moja, na uchungu wake ukamfaa.

– Mimi shauri langu si urefu, alisema Refa. Mimi ni mtu wa mpira, nauliza mambo ya mpira. Huyo mwalimu ataka nini? Ataka wasichana wawe na mbio. Sasa gunia na mbio wapi na wapi? Mkokoteni ukiupakia mzigo, waenda mbio?

– Hauendi, alisema Daktari.

– Basi. Kesi imekwisha.

– Lakini yule mwenye kuuvuta? alisema Chonga.

– Yule nani?

– Huyo auvutaye. Leo auvuta, kesho auvuta, mwezi mzima. Siku akiuweka kando akatembea mikono mitupu, miguu yake si itakuwa kama ina mabawa?

Refa alimsukumia kikombe chake.

– Wewe mimina kahawa, alisema.

– Namimina. Nauliza tu.

– Niwaambie la kweli? alidakia Daktari. Nguvu ya mtu ni kama maji ya tangi. Mola akujazia siku ya kuzaliwa, hajazi tena. Ukiitumia kubeba, huna ya kukimbilia. Ukiitumia kukimbia, huna ya kuzeekea. Mimi ndiyo maana sijapata kukimbia.

– Hata siku ile ya ng'ombe pale Makupa?

– Siku ile niliteleza nikaenda mbele. Hiyo si mbio.

Ngowa alipeleka mkono nyuma, akakanda kiuno pale pale panapokandwa siku zote. Tangi. Pengine kweli. Kwamba yake yaliisha akiwa na miaka thelathini na moja, na huyu mtoto alikuwa yuafungua bomba akiwa na kumi na mitano.

– Sikizeni, alisema Refa, na sauti yake ilikuwa imeshapanda ngazi. Mbio haifundishwi kwa gunia wala kwa filimbi. Mbio ni woga. Zamani zetu timu ya Tononoka ilikuwa na mawinga watano, wote hawashikiki. Mwajua walifunzwa na nani? Na mbwa wa Kizingo.

– Eeh?

– Mbwa wa Kizingo! Zile nyumba kubwa zilikuwa na miti ya mikungu ndani ya ua. Sisi watoto twaruka ua kuokota kungu zilizoanguka. Mbwa watoka. Hapo ndipo utajua kama una mbio ama huna. Wale mbwa wametoa wachezaji wengi kuliko serikali. Sasa wamejenga kuta ndefu, wameweka askari mwenye redio, mbio imekufa Mombasa nzima.

– Si mbwa, alisema Daktari. Ni supu ya pweza. Lakini inywewe kwa kusimama. Ukikaa, yabaki tumboni. Ukisimama, yateremka miguuni.

– Na ukilala?

– Yapanda kichwani. Wako watu walikunywa wakilala, leo ni mawakili.

– Basi nami niwape dawa ya mwisho, alisema Refa. Wachukuliwe wasichana wote, wapelekwe Kibarani, pale kwenye jaa. Wasimamishwe upande upepo unakokwenda, jua la saa saba, wavute ile harufu mara tatu. Kisha waambiwe: nyumbani ni kule. Nani atabaki nyuma? Mwezi mmoja tu. Hata mimi nitakimbia. Hata Winchi na mgongo wake.

Baraza zima lilicheka, hata fundi saa aliyekaa ng'ambo ya uchochoro na kioo chake cha kukuzia jichoni. Ngowa aliwaacha wamalize.

– Mie mbio sijali, alisema. Waende mbio, wasiende. Mie nilibeba magunia ili mtoto wangu asibebe. Basi. Ndilo nililolikusudia hapa duniani, hilo moja tu. Halafu naja kumwona yumo kwenye foleni.

Chonga alijazia kikombe chake bila kuombwa. Refa akatazama mbali, maana yeye alikuwa ameshamwona Ngowa siku mbaya, siku asizoweza kufunga kamba za viatu vyake mwenyewe, na mwanawe Mejumaa akimfungia.

Ndipo aliposema mtu wa mwisho wa baraza.

Alikuwa amekaa pale tangu mwanzo, mtu mgeni, shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Alimletea fundi saa yake aitengeneze, akaambiwa angoje, na Chonga akampa kahawa. Alikuwa ameshakunywa vikombe vitatu, na kila kimoja kilimkunja uso.

– Samahani wazee wangu. Mimi ni mgeni hapa. Naitwa Joab, nafanya kazi reli.

– Karibu sana, bwana Joab, walisema.

– Asante. Nilikuwa nataka kuuliza tu. Hilo gunia la msichana, lilikuwa kilo ngapi?

Refa alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Chonga. Chonga alitazama ndani ya dele.

– Gunia la sukari, alisema Ngowa. Hamsini.

– Lilikuwa limejaa?

Ngowa alijaribu kuirudisha ile Jumamosi. Herufi nyekundu aliziona. Shingo ya mwanawe aliiona, na magoti yakikunjika. Lakini mdomo wa gunia ulikuwa umeshonwa ama umefungwa? Gunia lililojaa hukaa begani limetuna na pembe zake zimesimama. Hili lilikaaje? Pembe zilikuwako? Yeye ambaye gatini alimtazama mtu vigimbi vya miguu tu, vilivyotetemeka, akajua mzigo ni kahawa ama saruji, sasa alitafuta kichwani mwake akakuta herufi nyekundu peke yake.

– Hukulinyanyua? aliuliza Joab kwa upole.

– Sikulishika. Alipoliweka chini nilikuwa nimeshageuka.

– Mtu hawezi kuinama na kilo hamsini mara nyingi hivyo, alisema Chonga polepole. Si msichana wa umri ule.

– Mimi nauliza kwa sababu ya kazi yangu, alisema Joab, akiona haya kidogo. Niko kwenye mizani, shedi ya mizigo. Kila kitu nauliza kilo. Hata nyumbani mke wangu amechoka.

Walicheka, lakini kidogo. Fundi aliita kuwa saa imeshakubali. Joab akashukuru kwa kahawa, akaagana nao mmoja mmoja kwa mkono, akavuka. Refa alianza kusema kwamba hata hivyo, mbwa ni mbwa. Ngowa alikuwa tayari ameshika ukuta, yuajiinua.

Kesho yake alitoka zamu saa nane. Alifika nyumbani Majengo, akaoga, akavaa shati safi. Mejumaa alikuwa uani yuachambua mchele. Kusikia hatua za babake, akaanza kuuinua ungo ili aondoke.

– Mejumaa.

– Labeka Baba.

– Vaa raba zako.

Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

– Twenda wapi?

– Tononoka.

Alisimama na ungo mkononi kama hajasikia vizuri. Mamake, aliyekuwa mlangoni, akaja akauchukua ule ungo, akamwambia tu, "Haya, wangojea nini?"

Njiani Mejumaa alitembea hatua mbili nyuma. Ngowa alikuwa na maneno mengi lakini hakujua lipi litangulie, basi akatembea nayo hivyo hivyo mpaka uwanjani.

Mwalimu Awiti aliwaona kwa mbali. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtu wa Kisumu, kofia ya jua kichwani na filimbi shingoni. Alikuja akipangusa mikono kwenye suruali yake ya mazoezi, na ilionekana amejitayarisha kwa maneno makali.

– Shikamoo, Baba Mejumaa.

– Marahaba, mwalimu. Nimekuja kulitazama gunia.

Awiti hakuuliza la zaidi. Alimwonyesha. Magunia kumi na moja yalikuwa yamelazwa kando ya mstari. Ngowa aliliendea lile la herufi nyekundu. Alilisimamia kama alivyosimamia magunia yote ya maisha yake: akatanua miguu, akaweka mkono mmoja kiunoni, akavuta pumzi ya kilo hamsini, akainama, akalinyanyua kwa nguvu zote.

Gunia likapaa mpaka kifuani. Kidogo aanguke chali.

Wasichana waliangua kicheko, kisha wakaziba midomo kwa adabu. Ngowa alilikumbatia lile gunia, akalipapasa. Mchanga ulikuwa chini tu. Sehemu iliyobaki ilikunjwa, ikakunjwa tena, ikafungwa kwa kamba ya katani.

– Kilo nane, alisema. Nane na kidogo.

– Nane na nusu, alisema Awiti. Tulipima dukani. Na wiki tatu za kwanza hawakubeba hilo. Walibeba mti wa ufagio.

– Mti wa ufagio? Kwa nini?

– Wajue kuinama kwanza. Kuinama ndiyo kazi ngumu, Mzee. Gunia ni rahisi.

Ngowa aliliweka chini polepole.

– Wenzangu wasema mkokoteni ukiupakia hauendi mbio.

Awiti alicheka, na uso wake ukalainika.

– Wanasema kweli. Lakini mimi siwakimbizi na gunia. Mzee, mtu anapotoka mahali alipo, anaisukuma ardhi. Akiisukuma kidogo, anatoka polepole hata akiwa mwepesi kama karatasi. Mejumaa akishashika mwendo hapitwi na mtu. Hatua zake tatu za kwanza ndizo zilikuwa zinamwangusha. Kwa hiyo tunajenga mapaja. Tunainama na kuinuka, halafu tunaruka, halafu tunakimbia mbio fupi fupi, tunapumzika vizuri. Mara mbili kwa wiki, si zaidi. Ni watoto.

– Na imefaa?

Alitoa daftari kwenye mfuko wake, akafungua.

– Mita ishirini. Januari, sekunde nne na sehemu moja ya kumi. Wiki iliyopita, kabla hujamchukua, tatu na sehemu nane.

– Ni kitu kidogo.

– Kwa macho ni kidogo. Uwanjani ni mita moja na nusu mbele ya anayemkaba. Sitakudanganya kwamba ni gunia peke yake, kwa sababu pia anakua. Lakini wenzake aliokuwa anaachwa nao, sasa wanamwita awangoje.

Ngowa alitazama zile tarakimu kama mtu anayetazama barua. Swali lake lenyewe alikuwa hajaliuliza, na alipoliuliza sauti ilitoka chini.

– Na mgongo?

– Mgongo ukipinda, gunia chini. Hata kama imebaki mara moja, hata kama mwenyewe anasema anaweza. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Muulize mwenyewe.

Ngowa aligeuka. Mejumaa alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma.

– Wainamaje, mwanangu?

Alikuja, akalichukua gunia, akaliweka begani.

– Miguu upana wa mabega, alisema, akitazama mbele kama aliye darasani. Visigino visiinuke. Kifua mbele. Nakaa nyuma, kama kwamba pana kibao cha mbuzi cha kukunia nazi hapa chini. Halafu naisukuma ardhi.

Alishuka, akapanda. Mgongo wake ulikuwa ubao mmoja. Ngowa alitazama mara ya kwanza, akatazama ya pili, ya tatu. Aliloliona Jumamosi hakuliona tena. Alikumbuka yeye akiwa na miaka kumi na sita, gunia la kilo tisini, na msimamizi aliyekuwa na neno moja tu kwa siku nzima: "Mwingine! Mwingine!" Miaka yote ile, wanaume wote wale, hapakuwa hata na mmoja aliyesema mgongo uweke hivi. Siku ulipovunjika aliinama kama alivyoinama siku zote, akasikia kitu ndani kama kitambaa kinachopasuliwa, na msimamizi akaita mwingine.

– Baba, nawe jaribu, alisema Mejumaa.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema. Awiti akaenda kando kushughulika na koni za mazoezi ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Ngowa alilichukua gunia, akaliweka begani. Bega lililitambua.

– Magoti, Baba. Si kiuno.

– Hivi?

– Hapana, hapo wainama kwa mgongo. Kaa. Kaa nyuma. Usitazame chini, tazama lile goli.

– Nitaanguka.

– Huanguki, nipo.

Alikaa nyuma mahali pasipokuwa na kiti. Magoti yalilia. Mejumaa aliweka kiganja kati ya mabega yake, kama anavyomwekea mchezaji mwenzake, na kile kiganja kilikuwa kizito na cha moto.

– Sasa sukuma.

Alisukuma. Alipanda. Maumivu aliyoyangoja yalikuja, lakini yalikuja madogo, yakakaa pembeni.

– Bado tisa, alisema Mejumaa.

Wasichana wakacheka wazi safari hii, na Ngowa akacheka nao. Alifanya mbili nyingine, akalirudisha gunia mchangani kwa magoti, akapumua.

– Mwalimu, alisema, nilikukosea Jumamosi.

– Ulimwona mtoto wako chini ya gunia, Mzee. Hata mimi ningeita.

Kisha wakaanza mbio fupi. Ngowa alisimama karibu na nguzo ya goli. Filimbi ilipolia, Mejumaa alitoka. Hatua ya kwanza ilirusha mchanga nyuma, ya pili ikaurusha mbali zaidi, na kwenye ya tatu alikuwa ameshamtangulia msichana wa kulia kwake, yule mfupi mwepesi ambaye mwaka mzima alimwona kisogo.

Barazani Ngowa aliwaeleza wenzake yote, na kilo nane na nusu zenyewe. Daktari alisema mchanga hauhesabiwi, mlango wa mfupa waogopa sukari. Refa aliuliza mambo mengi kuhusu ule mti wa ufagio, na Alhamisi moja Chonga alimkuta nyuma ya duka peke yake, amekaa pasipokuwa na kiti.

Malindi walikwenda Ijumaa Kuu. Ngowa alikuwa zamu, hakuweza kufuata. Jumapili jioni alikwenda kuwangoja kwenye kituo cha mabasi. Mejumaa aliteremka wa mwisho, magoti yote mawili yamechubuka, mkoba begani.

– Tumefungwa, Baba. Nusu fainali.

– Kwa ngapi?

– Moja. Moja tu. Mimi nilitia nne.

– Na yule aliyekukaba?

– Walibadilisha watatu. Hakuna aliyenishika.

Alicheka. Halafu kile kicheko kikageuka kilio kwa ajili ya lile goli moja, na Ngowa hakumwambia anyamaze. Alitembea naye taratibu, bega kwa bega, watu wakipita, mpaka alipomaliza mwenyewe na kuanza kumsimulia mchezo tangu filimbi ya kwanza.